Makarani Waliotutangulia Mpanda

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta. Naifanyia hapa hapa Mpanda, mtaa wa Nsemulwa, katika chumba chenye meza moja, kompyuta mpakato mbili na betri ya sola ya kushikilia umeme unapokatika. Wageni wakisikia hivyo hudhani nimeanzisha kitu ambacho mji huu haujawahi kukiona. Siamini hivyo. Ukiniuliza ukoo wa kazi yangu unatokea wapi, sitamtaja mhandisi wa Dar es Salaam wala wa California. Nitawataja makarani: wa misheni, wa mgodi, wa stesheni, wa mizani ya tumbaku. Hao ndio walioishi na swali ninaloishi nalo mimi. Jambo limetokea, nani ameliandika, na yule linayemhusu amebaki na nini mkononi?

Kuandika mambo ya kila siku, katika nchi ambayo leo ni Mkoa wa Katavi, kulianzia ziwani. Mwaka 1879 Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika walijenga kituo Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, na 1885 wakakikabidhi kwa Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadri Weupe. Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, aliagiza kila kituo kiwe na shajara iandikwe siku kwa siku: mvua, wagonjwa, wageni waliopita, waliobatizwa, waliokufa. Shajara hizo ni hazina kwa wanahistoria. Lakini ziliandikwa kwa Kifaransa, zikasomwa na wakubwa wa shirika waliokuwa mbali, na Mbende, mwenyeji wa mwambao ule, ambaye homa yake imeandikwa humo hakujua kilichosemwa juu yake.

Mwaka 1889 alifika Karema Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na mto Niger, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na mapadri hao, akasomeshwa utabibu Malta. Hakuondoka tena. Aliwatibu watu wa mwambao ule hadi alipofariki 1956, miaka 67 baadaye. Nampenda Atiman kuliko mtu yeyote wa historia ya mkoa huu, na sababu yangu ni ya kazini. Alikuja na ujuzi uliotengenezwa mbali, kisha akakaa nao mbele ya watu waleale, mwaka baada ya mwaka, hadi akazifahamu dawa za miti za wenyeji na kuzichunguza kwa heshima ileile aliyozichunguzia dawa za chupa. Mimi nimeona mifumo mingi ikiletwa Katavi na watu wanaofunga, wanafundisha siku mbili, wanapiga picha ya pamoja, wanapanda gari. Mtaalamu asiyekuwapo siku mfumo unapokosea hajui alichokijenga.

Mpanda yenyewe, mji huu tunaoujua, ni mtoto wa madini ya risasi. Kampuni ya Uruwira Minerals ilikuwa na mgodi Mukwamba, na kwa ajili ya mgodi huo ikajengwa reli ya kilomita 210 kutoka Kaliua, kwenye njia ya Tabora na Kigoma, kukata miombo na kuvuka mto Ugalla. Ilifika 1950. Miaka kumi baadaye, 1960, mgodi ukafungwa. Reli ikabaki. Sidhani kama yupo aliyepanga hivyo, lakini kwa miongo mingi baada ya risasi kwisha, treni ndiyo iliyobeba mahindi yetu, wagonjwa wetu na wanafunzi wetu, hasa masika, wakati barabara ya kupitia Inyonga na Koga ilipogeuka tope. Lami ya Tabora hadi Mpanda tumeipata juzi tu.

Katika migodi na mashamba makubwa ya Tanganyika kazi ilihesabiwa kwa kipande, utaratibu uliorithiwa kutoka enzi za Wajerumani. Ilikuwa kadi yenye vyumba thelathini. Ukimaliza ngwe yako ya siku, chumba kimoja kinatiwa alama. Vikijaa vyote ndipo unalipwa. Ukiumwa, ukifiwa, au nyapara akisema ngwe haijakamilika, chumba kinabaki kitupu na mwezi wako unarefuka kuwa wiki sita. Nimekitafakari sana kipande, kwa sababu kwa mtazamo wa fundi kimebuniwa vizuri mno. Ni chepesi, hakihitaji hesabu, asiyejua kusoma anaweza kuhesabu vyumba vyake. Tena kinakaa kwa mfanyakazi, hakifungiwi ofisini. Ubaya wake haukuwa kwenye karatasi. Mwenye kadi alikuwa mfanyakazi, mwenye kalamu alikuwa nyapara, na hapakuwa na mahali pa kwenda kusema: jana nilifanya kazi, mbona hapa peupe?

Stesheni kulikuwa na kumbukumbu ya namna nyingine, na hiyo ndiyo iliyonifundisha kazi kabla sijajua kama ni kazi. Reli yetu ni ya njia moja. Treni mbili zikikutana katikati ya pori ni maafa. Kwa hiyo stesheni masta hamruhusu dereva kuondoka kwa kumwangalia usoni. Anauliza kwanza kituo cha mbele kama njia ni nyeupe, jibu linaandikwa vitabuni pande zote mbili pamoja na saa na namba, kisha dereva anapewa ruhusa ya kushika mkononi. Bila hiyo ruhusa injini haisogei, hata abiria walalamike vipi. Chuoni, mwalimu alipokuwa akieleza jinsi programu mbili zinavyogombea kitu kimoja ndani ya kompyuta na namna ya kuzizuia zisigongane, wenzangu walihangaika na michoro. Mimi niliona stesheni ya Mpanda, na yule bwana mwenye kofia akinyoosha mkono kumpa dereva karatasi.

Tazama tofauti ya stesheni na kipande. Relini, wote wanaoweza kudhurika na kosa wana nakala yao. Ukibadilisha upande mmoja, upande wa pili unakusuta.

Mjomba wangu alikuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku. Alianza miaka ya 1980. Kabla ya hapo ushirika ulikuwa umevunjwa: mwaka 1976 serikali ilifuta vyama vikuu, kazi zao zikaenda kwenye vijiji na mamlaka za mazao, na sheria ya 1982 ndiyo iliyovirudisha. Vijana waliojua hesabu na wenye mwandiko unaosomeka walitafutwa, na mjomba alikuwa na mwandiko wa kujivunia hadi leo.

Tumbaku tunayolima sana huku ni ya mvuke. Inaanzia kwenye kitalu kabla ya mvua, inahamishiwa shambani, inachumwa jani kwa jani kuanzia chini, inatundikwa ndani ya bani. Moto uko nje, na joto linapita kwenye mabomba ili moshi usiliguse jani. Mtu halali wiki nzima akichochea kuni, maana joto likipanda upesi jani linaungua, likishuka linaoza. Familia nzima inachambua, inapanga kwa rangi na urefu, inafunga mitumba. Baada ya kazi yote hiyo, thamani ya mwaka inaamuliwa kwa dakika chache siku ya soko. Mitumba inapangwa mistari, kila mmoja na namba yake. Mteuzi wa Bodi ya Tumbaku anavuta majani, ananusa, anatazama kwenye mwanga, anaandika daraja kwa herufi na tarakimu. Kisha mtumba unapanda mizani.

Hapo ndipo mjomba alipokuwa mfalme. Karani mzuri, alinieleza, anasoma kwa sauti kabla ya kuandika.

"Mpwa wangu, ukiandika kwanza ndipo usome, watu wanajua unasoma ulichoandika," aliniambia. "Ukisoma kwanza, wanajua unasoma mizani."

Nilimwuliza, "Na mtu akibisha, mjomba?"

"Mtumba unarudi juu. Hata kama jua linazama. Unarudi juu."

Akisoma kilo, mwenye tumbaku anaitikia, na wenzake waliosimama nyuma wanasikia. Anaandika kwenye kitabu chenye karatasi za kaboni, nakala tatu. Moja inakwenda kwa mnunuzi, moja inabaki chamani, moja inakunjwa na kuingia kwenye mfuko wa shati la mkulima. Katika kijiji ambacho robo ya wanachama hawakuwa wakisoma vizuri, sauti ile ilikuwa ndiyo risiti. Nimewahi kukutana na mzee wa Kakese aliyekariri kilo za mtumba wake bora wa miaka mingi nyuma. Hakuhitaji karatasi kwa sababu zilitamkwa mbele ya watu.

Lakini sauti ile iliishia mizani. Bei ya tumbaku hupangwa kwa dola, malipo hupitia benki, na kabla fedha haijamfikia mkulima hupita kwenye makato: mbolea, dawa, mkopo na riba, ushuru, michango ya chama. Makato hayakufanyika mbele ya mtu. Yalifanyika ofisini, yakarudi kama tarakimu moja ya mwisho. Mkulima aliyeondoka sokoni na kilo zake kichwani alikuja kupokea kiasi ambacho hakuweza kukifuatilia hadi kwenye mtumba hata mmoja. Tena mkopo wa pembejeo ulikuwa wa dhamana ya pamoja: jirani asipolipa, wewe uliyelipa unakatwa. Katika chama kimoja ambacho nilikuja kukifanyia kazi, mama mmoja alinionyesha karatasi zake zote za mizani, zimenyooka, zimefungwa kwa uzi, miaka mitano mfululizo. Hakuwa na karatasi hata moja ya makato. Alijua kilo zake zote, na hakujua hata shilingi moja ilikokwenda.

Watu wa rika langu husema hayo yote yangetatuliwa mapema kama kompyuta zingekuja mapema. Historia ya nchi yetu haikubaliani nao. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, aina ya ICT 1500, na baadaye hesabu za serikali zikaingizwa kwenye mashine. Matokeo yalikuwa vurugu: hesabu zikachelewa, wataalamu wakawa wageni wa gharama, na viongozi wakashindwa kujua nani amekosea wapi. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku ile ilidumu hadi miaka ya 1990, na wengi huicheka. Mimi naiona kama uamuzi mkali uliotokana na maumivu halisi. Mfumo ulikuwa umewaondoa makarani walioweza kuulizwa, ukaweka mashine ambayo hakuna aliyeweza kuiuliza. Marufuku ilitugharimu, kizazi kizima cha vijana kilikosa ujuzi, na hilo linaniuma. Ila kosa lililoizaa bado linafanywa leo, na linafanywa na sisi.

Siwezi kuandika kuhusu kumbukumbu katika mkoa huu bila kwenda Katumba. Kufuatia mauaji ya 1972 nchini Burundi, makumi ya maelfu ya watu walikimbilia kwetu. Makazi ya Katumba yakaanzishwa 1973, Mishamo 1978. Waligeuza pori kuwa mahindi, maharage na tumbaku, na kwa muda mrefu walilisha wengine badala ya kulishwa. Maisha yao yalipita kwenye karatasi za watu wengine: orodha ya mapokezi, kibali cha kutoka makazini, namba ya familia. Mwaka 2010 zaidi ya watu 162,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikubaliwa uraia wa Tanzania. Vyeti havikuanza kugawiwa hadi 2014. Kwa miaka minne uamuzi ulikuwa umeandikwa, umehesabiwa, umetangazwa duniani, na mtu mwenyewe hana kitu cha kuonyesha akikutana na askari njiani. Nilikuwa na rafiki wa Katumba wakati huo. Alikuwa raia kwenye mashine na mkimbizi kwenye basi. Tangu hapo, nikibuni mfumo wowote, naanza na kile kitakachobaki mkononi mwa mtu, ndipo nafikiria kile kitakachobaki kwangu.

Mwaka 2012 Katavi ikawa mkoa, tukaacha kupanda basi la Sitalike, kukatiza hifadhi na kwenda Sumbawanga kufuata jalada. Lakini mabadiliko makubwa zaidi yalikuwa yamekwisha kuingia mifukoni. Aprili 2008 Vodacom ilianzisha M-Pesa, huduma ya kutuma fedha kwa simu, Tanzania, mwaka mmoja baada ya Kenya. Hapa Mpanda, kabla ya hapo, fedha ya mwanafunzi wa Tabora ilikwenda na mtu wa treni, imefungwa kwenye bahasha iliyobandikwa gundi na kuandikwa jina, nawe unasali. Wataalamu wameeleza mafanikio ya huduma hizi kwa namna nyingi: mawakala kila kona, benki kuwa mbali, simu kuwa rahisi. Ni kweli zote. Mimi naongeza moja ambayo karani yeyote angeiona: ujumbe unafika kwa aliyetuma na aliyepokea papo hapo, wenye namba ya muamala, kiasi, ada, na salio. Mizani imesomwa kwa sauti, na kila mmoja ana nakala yake ya kaboni. Mama lishe wa soko la Buzogwe haamini simu ya mtu yeyote. Anaamini ujumbe ulioingia kwenye simu yake.

LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia, nayo ina mafunzo, na nitakaa hapo kidogo kwa sababu watu wachache wanajua inavyofanya kazi. Kwa miaka mingi Mpanda iliendeshwa na jenereta za dizeli, mbali na gridi ya Taifa. Lakini mita za LUKU hazikuhitaji gridi wala mtandao wa simu. Tarakimu 20 unazobonyeza zimebeba kila kitu: uniti ngapi, zilizalishwa lini, vyote vimefungwa kwa siri ambayo mita yako peke yake inaifungua. Mfumo huo ulibuniwa Afrika Kusini kwa ajili ya nyumba zisizo na waya wowote wa mawasiliano. Unaweza kuzinakili kwenye kiganja, kuzisomewa kwa simu na mtoto aliyeko Mwanza, kuzitunza hadi kesho.

Ndani ya kila tokeni kuna muhuri wa wakati: dakika zilizopita tangu tarehe 1 Januari 1993. Nafasi iliyotengwa kwa muhuri huo ni ya biti 24, maana yake dakika 16,777,216 na si zaidi. Ukizigawa utapata karibu miaka 32. Zilikwisha tarehe 24 Novemba 2024. Ndiyo maana mwaka ule shirika la umeme, TANESCO, liliwataka wateja nchi nzima wabonyeze mafungu matatu ya tarakimu, 60 kwa jumla: mawili ya kuifanya mita ianze kuhesabu upya, la tatu la umeme wenyewe.

Bibi mmoja jirani yangu alinitumia mjukuu wake aje kuniita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nani amebadilisha mita yangu bila kuniambia?"

Nilikaa naye barazani, nikamweleza habari ya dakika na nafasi iliyojaa. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mazuri kuliko ya wanafunzi wangu wengi: je, miaka hii mipya nayo itajaa? Itajaa lini? Nani ameiandika hiyo tarehe? Nikamjibu: kutoka 2014, mahali walipoanzia kuhesabu sasa, hadi karibu 2045. Akamwita mjukuu, akamwambia aandike mwaka huo kwenye ukuta, juu ya mita, kwa mkaa. Fundi aliyebuni hesabu ile alijua mwisho wake tangu siku ya kwanza. Mwenye mita aliambiwa mwisho ulipofika mlangoni.

Sasa nieleze ninachokifanya. Vyama vya ushirika siku hizi vinaingizwa kwenye mifumo ya kidijitali, na Tume ya Maendeleo ya Ushirika ina mfumo wake wa kitaifa, MUVU. Mimi nafanya kazi ndogo zaidi: programu ya mizani na makato kwa vyama vya msingi, inayofanya kazi hata mtandao ukizimika, maana pori la kuelekea Mlele halina mnara kila mahali. Karani anaingiza kilo, simu inazihifadhi, mtandao ukirudi zinapanda. Hiyo ni sehemu rahisi.

Sehemu ngumu ni ujumbe unaokwenda kwa mkulima. Ujumbe mmoja wa kawaida wa simu una herufi 160, nafasi zikihesabiwa. Ndani yake nataka viingie namba ya mtumba, daraja, kilo, bei, kisha makato moja moja, mbolea peke yake, riba peke yake, deni la jirani peke yake, ndipo kiasi kinachobaki. Havitoshi. Katika mkutano mmoja wa chama, viongozi walipendekeza tuweke jumla ya makato tu. Ni nadhifu na ni nafuu. Mjomba, ambaye siku hizi ni mzee anayealikwa kwa heshima, aliomba kusema. Akasema kama ni jumla tu, basi tumenunua simu za kufanya kile daftari la zamani lilichofanya. Wakulima wakapiga makofi, na mwenyekiti akalikubali hilo kwa uungwana.

Kwa hiyo jumbe zimekuwa mbili, na gharama ya ule wa pili inalipwa na chama kwa kura ya wanachama wenyewe. Deni la jirani linaandikwa kwa jina lake kamili: dhamana. Mkulima asiye na simu anapata karatasi iliyochapwa kwa mashine ndogo ya risiti, na karani bado anasoma kilo kwa sauti kabla ya kubonyeza. Nimeipanga programu ikatae kupokea uzito mpaka sekunde chache zipite tangu mizani itulie, ili asikilizwe kwanza. Makarani wawili vijana wamelalamika kwamba inawachelewesha. Nimewapeleka kwa mjomba, na Jumamosi wanakwenda kukaa naye wafundishwe kusoma mizani.